Kijitabu Chenye Alama Kumi na Moja

Brunswick, Melbourne
Jumapili, 14 Agosti 1994

Mdogo wangu Kelvin,

Pokea salamu za dada yako, na tafadhali usiisome barua hii umesimama mlangoni kama unavyosoma bili ya maji. Vuta kiti, mwambie Lorna akutilie chai. Mimi sijambo. Goti la kushoto ndilo lina mambo yake, lakini tumeshazoeana. Je, huko Mildura mnaendeleaje? Kifua cha Lorna kimeachia? Machungwa uliyotuma yalifika salama, isipokuwa mawili yaliyopondeka chini ya sanduku, na hayo nimeyapika jemu. Jirani yangu Concetta alipoyaonja alisema mtu anayelima machungwa matamu hivi hawezi kuwa na roho mbaya. Nikamwambia anasema hivyo kwa sababu hakukujua ulipokuwa na miaka saba.

Barua hii ni ndefu na ndani yake mna ombi. Nakwambia mapema usije ukasema nilizunguka mbuyu. Kuna kabati moja la kioo, na jibu lako ndilo litakaloamua kama litakuwa na kitu ndani au litabaki tupu mbele ya watu mia mbili. Nimeapa kwamba uamuzi ni wako peke yako. Sasa ngoja nikwambie ni kabati gani.

Kel, dada yako ameula! Maktaba kuu ya jimbo inafanya maonyesho ya vijitabu vyangu. Ndiyo, vile vile. Vile ambavyo Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akiviita chakula cha panya. Vile ambavyo Mjomba Perce aliulizia kama tunaweza kuwashia moto wa kuchomea nyama. Miezi miwili, chumba kizima cha ghorofa ya pili, na jina langu limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa kuliko mlango wangu wa mbele: Mkusanyo wa Averil Trewin. Nilipoliona nilirudi nje, nikaingia tena, nikalisoma upya. Mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, baba, leo ndiyo kwanza nimefika.

Nimevipata kimoja kimoja kwa miaka ishirini na mitano, vile vijitabu vyenye majina ya waigizaji vinavyouzwa mlangoni mwa ukumbi, vya michezo ya jukwaani iliyoleta balaa tu. Mchezo ambao watu waliupigia makofi wakaenda zao nyumbani, mimi sina habari nao. Nina kijitabu cha Adelaide cha mwaka hamsini na saba chenye doa la yai, yai lililorushwa jukwaani likamkosa mwigizaji. Nina cha Hobart ambacho mwenye ukumbi, baada ya kutembelewa na wachungaji wawili, alikaa alasiri nzima na mkasi akikata jina la mwandishi katika vijitabu vyote mia nne; kwenye changu mkono ulichoka, na nusu ya jina imebaki. Nina cha Brisbane, cha mchezo ambao mwigizaji Mwaborigini alicheza nafasi ya hakimu, na nusu ya ukumbi ikatoka kabla ya mapumziko. Changu kiliokotwa chini ya kiti. Kina alama ya kisigino cha mwanamke, kimekanyagwa kwa makusudi kabisa. Huwa nakitazama na kusema, mama wee, ulikuwa na hasira, lakini umeniachia ushahidi.

Unamkumbuka Cuthbert Oyston wa chama chetu cha wakusanyaji, yule mwenye tai ya kipepeo? Yeye hutembea na kifutio mfukoni. Akikuta kijitabu kina maandishi ya penseli anakisugua mpaka kinakuwa cheupe kama meno ya kwenye matangazo, kisha anakisifia usafi. Tumegombana miaka ishirini. Aliwahi kuniambia mbele ya mkutano mzima kwamba mimi nakusanya uchafu. Nikamjibu kwamba yeye anakusanya sabuni. Tangu siku hiyo ananiletea biskuti kila mkutano, sijui anataka nini.

Lakini jambo moja tunakubaliana, mimi na Cuthbert na wenzetu wote, nalo ni kwamba mkusanyaji hafungui. Unanawa mikono, hupaki losheni, hukunjui kilichokunjwa, huchomoi kilichochomekwa. Kijitabu kinaingia kwenye mfuko wake wa plastiki jinsi kilivyotoka mkononi mwa mtazamaji, mfuko unafungwa, basi. Ukikifungua mgongo unapasuka, vibanio vinaachia, na wenzako wanakucheka. Nina vijitabu ambavyo sijawahi kuona kurasa zake za ndani, na nilikuwa nikijisifu kwa hilo kama mwanamwali. Shika neno hili, nitalirudia.

Sasa nakuja kwenye Paragon. Najua hulipendi jina hilo. Tumekaa miaka ishirini na mitano, Krismasi baada ya Krismasi, tukiliruka kama dimbwi. Leo nivumilie.

Ule ukumbi umeshabomolewa, pale Carlton sasa ni maegesho ya magari. Mimi nilikuwa nauza vijitabu mlangoni, nimevaa ile sketi nyeusi iliyokuwa ikinibana. Mchezo ulikuwa Zamu ya Kichinjioni, watu wanne waliovaa aproni zenye damu ya rangi, wakizungumza jinsi wachinjaji wa Footscray wanavyozungumza, matusi tupu, na hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu sheria ya wakati ule haikutaka mtu azungumze hivyo mbele ya waliolipa kiingilio. Usiku wa tisa polisi nao wakaja. Yaani, ukaja wewe.

Uliingia umevaa kofia ya kijivu ya Baba, iliyokuwa imekuzidi ikakaa juu ya masikio. Askari kanzu gani yule! Nilikutazama, ukanitazama. Nikasema, kijitabu, bwana? Ukasema, ndiyo, mama, nipe kimoja. Mama! Nimekuzidi miaka saba tu, na foleni nzima inasikia! Ukaenda kukaa safu ya saba, kiti cha kumi na nne, ukatoa penseli. Nilijua mapema kwamba ninyi hamkuruhusiwa kuingia na daftari, maana lingewatambulisha, hivyo mlikuwa mkiandika pembeni mwa kijitabu kama mtazamaji anayeweka alama kwenye jina la mwigizaji aliyempenda. Kila neno lililokatazwa, mstari mmoja. Nilisimama nyuma ya pazia la mlango na kuuona mkono wako ukitembea.

Mwisho wa mchezo, utakumbuka, yule baba mchinjaji anakufa sakafuni kwenye zamu, na mwanawe anapiga magoti, na neno pekee linalomtoka ni lile neno baya kuliko yote. Analisema polepole, kwa upendo, kama watu wengine wanavyosema amina. Nililia, siyo siri. Baba yetu alikuwa amekufa miaka miwili kabla, na wewe na mimi tunajua alivyolitumia neno hilo kule kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba ya Ballarat, Mama akiwa kanisani. Alitumia neno hilo hilo kwa nyundo iliyompiga kidole, kwa mbwa, kwa jua likizama vizuri, na kwa sisi tulipomletea chai.

Halafu pazia likafungwa, ukapanda jukwaani ukawakamata wote wanne. Watu wakawaka. Mmoja akakuita mbwa wa serikali. Mwingine akapiga kelele, nenda ukamkamate bosi wako, yeye anatukana kila asubuhi! Mwanamke mmoja alikuchapa kwa mwavuli. Na mimi, Kel, mimi nilipaza sauti nikauliza kama mama yako alikuzaa au alikuokota stesheni. Watu wakacheka sana, hawakujua mama huyo ni wangu pia. Nilikuona ukigeuka. Sijawahi kukuomba radhi kwa kauli hiyo. Naomba sasa.

Asubuhi yake mwenye ukumbi aliingiwa na hofu, akachoma masanduku yote ya vijitabu vilivyobaki pamoja na vilivyookotwa chini ya viti. Waliokwenda navyo nyumbani nao wakaviteketeza, maana nani alitaka kukutwa navyo? Cuthbert ametafuta kimoja miaka yote hii. Ametangaza magazetini, ameandika mpaka London. Kila mkutano hunitazama na kusema, Averil, ulikuwa mlangoni, ulivishika mia tatu kwa mkono wako, hukuweka hata kimoja? Nami kila mkutano humjibu kwamba sikuweka. Nakula biskuti zake na kumdanganya.

Kilichofuata unakijua. Kesi ilikuwa Jumatatu. Waigizaji wale wangeweza kufungwa miezi mitatu, na yule kijana aliyesema neno la mwisho pengine zaidi. Wewe ndiye uliyekuwa shahidi peke yako. Hakimu akakuomba usome ulichoandika. Ukapapasa mfuko wa kulia, ukapapasa wa kushoto, ukapapasa wa ndani. Hakimu akasema, afisa, basi tuambie kwa kumbukumbu ni maneno gani uliyasikia. Nawe ukasimama pale umenyooka kama nguzo, ukasema, mheshimiwa, sikumbuki hata moja. Mahakama nzima ikaangua kicheko. Waigizaji wakaachiwa kabla ya chakula cha mchana, na wewe kabla ya mwisho wa mwezi ukahamishiwa Mildura, ukae uhesabu mbuzi waliopotea.

Ukadumu miaka miwili, ukaacha kazi, ukamwoa Lorna, ukapanda michungwa. Nasi tukapata mzaha wa familia. Trewin aliyepoteza ushahidi! Mjomba Perce kila Krismasi akikupa sahani alikuwa akisema, mwangalieni huyu asije akampoteza bata mzinga. Mama alikuwa akiinamisha kichwa, hata kanisani aliona haya kusema mwanawe yuko wapi. Nawe ulikuwa ukitabasamu, unaendelea kumenya viazi. Na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote mezani nilikuwa mimi, kwa sababu nilikuwa na sababu yangu ya kucheka. Naiandika hapa kwa mara ya kwanza.

Ni mimi niliyekuibia.

Ile Jumapili kabla ya kesi mlikuja kwangu kula, wewe na Mama. Nilikuwa nimeoka paja la kondoo. Uliingia jikoni, ukavua koti ukalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, ukaniambia, Avie, koti langu liko hapo. Kisha ukasema unakwenda kumtazamia Mama ile gari yake inayogoma kuwaka. Ukafika mlangoni, ukageuka, ukasema tena, koti liko hapo jikoni, eh. Nikajisemea, mdogo wangu huyu mjinga, atapandaje cheo? Ukakaa nje saa nzima. Mimi nikaingiza mkono mfukoni, nikakitoa kijitabu, nikakificha chini ya aproni, nikaendelea kukoroga mchuzi. Waliposema zamani kwamba kikulacho ki nguoni mwako, walikuwa wakikuonya juu ya dada yako.

Usiku ule ule nilikitia kwenye plastiki nikakifunga. Ndicho kijitabu cha kwanza kabisa cha mkusanyo wangu, Kel. Vyote vingine vimekuja baada yake. Kimekaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati la nguo miaka ishirini na mitano, na sikukifungua hata siku moja, kwa ile kanuni yetu. Kwenye jalada la nyuma niliona kupitia plastiki mistari yako kumi na mmoja ya penseli. Nilijua ilitakiwa kuwa kumi na miwili, kwa sababu kwa usiku tisa nilikuwa nimeusikia mchezo mpaka naujua kwa moyo. Na nilikuwa nikikucheka peke yangu chumbani. Nilikuwa nikisema, masikini Kel, hata matusi yamemshinda kuhesabu, kama kuku wa Bibi walivyomshinda utotoni.

Nilijivunia wizi ule, sitakuficha. Niliwaokoa watu wanne. Lakini kila uliposema sahani yangu iko wapi, na Perce akasema yake, fahari ile ilikuwa ikichacha. Nilipokwenda kwa hao wa maktaba nilibeba kopo lile mwisho kabisa, baada ya kuwapa vyote. Msimamizi wao ni binti mmoja, Ioanna Stavrou, ana miaka thelathini na anatembea kama mtu anayechelewa treni. Alipokiona alikaa chini. Akasema, Bi Trewin, hiki ndicho cha kabati la katikati. Kisha akasema sharti la maktaba ni kwamba kila kitu kifunguliwe na kila ukurasa upigwe picha. Nilikataa! Nilimwambia binti, hiki hakijafunguliwa tangu siku ya kwanza, utakiua. Akaniuliza kwa upole kama sijawahi kutamani kujua kilichomo ndani. Nikamwambia nakijua, niliuza mia tatu kama hicho.

Akavaa glovu, akakata plastiki, akakifungua kwa kisu cha mbao, nami nimefumba macho kama mtoto anayechomwa sindano. Nikasikia akisema, kuna kikaratasi. Unavijua vile vikaratasi, tulikuwa tunavichomeka katikati mwigizaji akiumwa, kutangaza nani anashika nafasi yake. Usiku wa tisa mwigizaji wa nafasi ya fundi mzee hakuja, nilivichomeka mwenyewe. Ioanna akakigeuza. Nyuma yake pana penseli. Akaniuliza, Avie ni nani?

Kel, umeandika hivi, nimenakili ilivyo: "Avie, ni kumi na mawili. La mwisho sikulihesabu, ni la Baba. Kiweke hiki, na mfichie Mama. K."

Nilikaa kwenye sakafu ya maktaba. Ioanna alidhani nimepata kiharusi, akamwita mlinzi yule yule. Koti liko hapo jikoni, eh. Mara mbili uliniambia! Ile gari haikuwa na ubovu wowote, Mama aliiendesha kutoka Ballarat ikinguruma vizuri. Nami nikakoroga mchuzi nikijiona hodari, jambazi mkubwa wa Brunswick, kumbe mdogo wangu amenikabidhi mkononi na ametoka nje ili nisione haya. Ukasimama mahakamani ukachekwa, ukapoteza kazi, ukapoteza heshima yako mbele ya Mama mpaka anaingia kaburini, na kila Krismasi ulikaa mkabala nami ukimenya viazi, ukiamini kwamba nimesoma, kwamba najua, kwamba nacheka na Perce ili kukuficha. Na mimi nilikuwa nakucheka kweli. Kanuni yangu ya kipumbavu! Kila mtu angefungua. Mtoto angefungua.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na wako umenipiga kifuani. Nimelia, kisha nikacheka, kisha nikapatwa na fahari ambayo hata jina langu ukutani halikunipa. Watu husema Averil Trewin amekusanya vitu vya watu jasiri. Jasiri wa kweli alikuwa na kofia kubwa kuliko kichwa, na alikuwa akinitumia machungwa.

Ombi langu basi. Nataka kijitabu kile kikae katikati, kimefunguliwa, na kikaratasi kimegeuzwa upande wa penseli. Pembeni nataka iandikwe: Kimehifadhiwa na Kelvin Trewin, shahidi, aliyekumbuka vyote. Hutaki jina, halitawekwa. Hutaki kikaratasi, kitarudi kwenye kopo nami nitafunga kifuniko. Hutaki chochote, kabati litakuwa tupu na nitasimama kando yake jioni nzima nikiwaambia watu kwamba ni jambo la familia. Cuthbert atazimia, mwache azimie. Niandikie neno moja tu, au mwambie Lorna apige simu.

Jambo moja silo ombi. Krismasi hii, kabla Perce hajagusa sahani, nitasimama nieleze kila kitu, kuanzia stesheni mpaka msumari. Kama Mama anasikia huko aliko, na asikie.

Msalimie sana Lorna, mwambie aache kufagia vumbi lile bila kufunga mdomo na pua. Wasalimie akina Hargreave wa ng'ambo ya mfereji, na yule mbwa mzee kama bado yupo. Concetta anakusalimu na anauliza machungwa ya pili yanakuja lini.

Ufunguzi ni Alhamisi, tarehe ishirini na mbili Septemba, saa kumi na mbili jioni. Wamechapisha kijitabu cha maonyesho, kizuri sana, na nimewaambia hakuna mwingine atakayesimama mlangoni kuvigawa ila mimi. Kofia ya Baba ninayo hapa, njoo uivae. Nitakuuliza, kijitabu, bwana? Na ole wako uniite mama.

Ni mimi dada yako anayejivunia wewe,

Averil